Nyaraka za Python: kuhamia kwenye tovuti

Nyaraka za Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, husomwa kwenye tovuti ya docs.python.org. Guido van Rossum alianza kuiunda lugha hiyo Amsterdam mwishoni mwa 1989, enzi ambayo mwongozo wa programu ulichapwa kwenye karatasi ndipo usomwe. Ndiyo maana nyaraka zake ziliandikwa kwa LaTeX, mfumo stadi wa kupanga kurasa za kitabu. Intaneti ilipoenea, kurasa za wavuti zikawa zinatolewa kwa kugeuza faili hizohizo, na mitambo ya kugeuzia ikazidi kuwa migumu kutunza.

Mwaka 2007 Georg Brandl alizihamishia kwenye reStructuredText, mtindo wa maandishi ya kawaida unaosomeka hata kabla ya kugeuzwa. Akaunda pia Sphinx, programu inayozigeuza faili hizo kuwa tovuti yenye faharasa, sehemu ya kutafutia na viungo kati ya kurasa. Nyaraka hizo mpya zilitoka rasmi na Python 2.6, Oktoba 2008. Miradi mingine iliichukua Sphinx, ukiwemo wa kiini cha Linux mwaka 2016. Na tangu 2010 huduma ya Read the Docs huwajengea wenye miradi tovuti upya kila faili zao zinapobadilika.

Jambo la msingi katika uhamisho huo ni kile ambacho hakikuhama. Faili za nyaraka zilibaki katika hifadhi ileile ya msimbo, ndani ya folda iitwayo Doc. Tovuti ni zao la faili hizo tu. Anayebadilisha utendaji wa programu anaweza kurekebisha maelezo yake papo hapo, na wakaguzi wakayapitia yote mawili kwa pamoja. Mradi unaozitenga nyaraka kabisa na msimbo huikosa faida hii, na maelezo huchakaa upesi.

Kwenye tovuti hiyo, kila toleo la Python lina anwani yake. Python 2.7 iliacha kuhudumiwa mwaka 2020, lakini nyaraka zake bado zinasomeka, kwa kuwa programu za zamani bado zinahitaji watu wa kuzielewa. Mwaka 2017, pendekezo la kuiboresha Python liitwalo PEP 545 liliweka utaratibu wa kuingiza lugha katika anwani, na tafsiri za Kijapani, Kifaransa na Kikorea zikapata nafasi rasmi kando ya Kiingereza.