Risasi, Baruti na Chazo katika Bahari ya Wabajuni

Uzito wa maji ni takriban mara 800 ya ule wa hewa. Kwa hiyo risasi ifyatuliwapo chini ya maji huishiwa nguvu ndani ya mita chache. Picha za kamera za kasi huonyesha kiputo cha gesi kikivimba mdomoni mwa mtutu, kisha kikisinyaa ghafla. Wabajuni wa Chula, Koyama na Chovai walimwinda kasa kwa njia nyingine: walimfunga chazo kamba mkiani, wakamwachilia, naye akamganda kasa, wakavuta taratibu.

Maji hayohayo yanayoizuia risasi husafirisha mshindo upesi kuliko hewa. Hapo ndipo baruti ilipopata nafasi, ikapasua vibofu vya samaki na kubomoa matumbawe. Tanzania iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1970, lakini milipuko iliendelea kwa miongo.

Vita vya 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Mombasa. Kasa sasa analindwa, na uwindaji wake haupaswi kurudi. Msamiati wa kamba, maji na tabia za chazo ndio unaostahili kurekodiwa, Mombasa na Kismayo, wazee wangali hai.