Kwa nini pikipiki kubwa za Magharibi hupata taabu kuuzwa China?

China hutengeneza pikipiki kwa wingi, na bodaboda nyingi za Afrika Mashariki zinatoka huko. Lakini kuuza pikipiki kubwa za kigeni nchini humo ni kazi ngumu. Harley-Davidson ya Marekani, ambayo wakala wake alifungua duka mjini Beijing mwaka 2006, inalijua hilo.

Kikwazo cha kwanza ni barabara. Guangzhou ilipiga marufuku pikipiki mjini mwaka 2007. Beijing, ni zenye namba za kundi A tu zinazoruhusiwa maeneo ya katikati, na namba hizo ni ghali. Mtu anaweza kuwa na pesa za kununua akakosa pa kuendeshea.

Cha pili ni kodi. Pikipiki ya kutoka nje hulipiwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Yenye injini ya zaidi ya cc 250 huongezewa kodi nyingine ya asilimia 10.

Cha tatu ni umri. Kanuni za mwaka 2013 ziliweka kikomo cha miaka 13, kisha pikipiki iondolewe barabarani hata kama bado nzima.

Mwaka 2019 Harley-Davidson iliungana na kampuni ya Kichina ya Qianjiang, na mwaka 2023 ikazindua X350, pikipiki ndogo inayoundwa China. Hatua hiyo inakwepa ushuru wa forodha na kushusha bei. Marufuku za mijini, hata hivyo, haiziondoi.