Upunguzaji Kalori si Kukonda

Mjini Moshi ukimwambia mtu kwamba amepungua, atakayesikia atauliza kama anaumwa. Kwa hiyo istilahi "upunguzaji kalori" isipofafanuliwa itawatisha wengi. Kinachopunguzwa ni nishati iliyomo kwenye chakula. Protini, vitamini na madini lazima vibaki vya kutosha. Sharti hilo likiachwa, tunazungumzia utapiamlo.

Kalori ni kipimo cha joto. Ile tunayoihesabu kwenye chakula ni kilokalori hasa: joto la kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi.

Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kuwa panya waliopewa chakula kidogo chenye virutubisho kamili waliishi zaidi ya wenzao walioshiba. Kwa binadamu, jaribio la CALERIE liliwafuata kwa miaka 2 watu zaidi ya 200 wasio wanene. Wengi wao walitakiwa wapunguze kalori kwa asilimia 25, wakaweza takriban 12, na bado shinikizo la damu na lehemu mbaya vilishuka. Kama wataishi zaidi, miaka 2 haiwezi kusema.

Baadhi huita upunguzaji kalori "kufunga". Sikubali, kwani aliyefunga anaweza kufuturu kalori nyingi kuliko za siku ya kawaida. "Kujinyima" kuna harufu ya dhiki. "Kula kwa kiasi" kunapendeza, na muuguzi akiongea na mzee ningemshauri autumie usemi huo. Lakini hauna kipimo, na mtafiti anahitaji kipimo.

Tena kiasi peke yake hakitoshi; aina ya chakula nayo ina uzito. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha utafiti wa wanaume 77 wa Kilimanjaro. Wa vijijini walilishwa kwa wiki 2 vyakula vya kimagharibi, vingi vya kusindikwa na vyenye kalori nyingi. Damu yao ikaonyesha dalili za mchochota, yaani kinga ya mwili kuwaka. Wa mjini walirudishwa kwenye vyakula vya asili, ndizi, maharage, mboga za majani, na dalili hizo zikashuka. Wengine walikunywa mbege, kinywaji cha asili cha ndizi na ulezi, kwa wiki 1, nao wakapata mabadiliko mazuri. Baadhi ya athari zilionekana hata wiki 4 baadaye. Mchochota wa muda mrefu unahusishwa na kisukari na maradhi ya moyo, magonjwa yanayoharibu uzee wa wengi, kwa hiyo matokeo haya yanatugusa moja kwa moja. Lakini mbege ni pombe, na utafiti wa wiki 1 si ruhusa ya kunywa kila jioni.

Anayefaidika na upunguzaji kalori ni mtu mzima mwenye afya anayekula kupita mahitaji yake. Bibi wa miaka 75 ambaye misuli imeanza kumwisha asiguswe sahani yake. Apewe kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, chenye maharage mengi, na maziwa.