Nuru, Masizi na Ushahidi: Historia ya Picha za Kompyuta za Ndani ya Majengo na Nyumba ya Tembe ya Wairaqw, Endagikot, Mbulu

1.0 Utangulizi

Insha hii inajadili historia ya utengenezaji wa picha za kompyuta zinazoonyesha ndani ya majengo kwa uhalisia, na namna historia hiyo inavyoathiri jitihada za kuijenga upya kwa picha nyumba ya tembe ya Wairaqw. Eneo linalorejelewa ni Endagikot, wilayani Mbulu, ambako, kama kwingineko katika nyanda hizo za juu, paa la bati limechukua kwa kiasi kikubwa nafasi ya paa la udongo. Hoja kuu ni kwamba programu za kutengeneza picha hizo zina asili yake. Zilikuzwa kwa kuzingatia vyumba vya aina fulani, vyeupe na vyenye nuru nyingi. Mtafiti asiyeihoji asili hiyo anaweza kutoa picha ya kuvutia ya nyumba ambayo haijapata kuwapo.

2.0 Asili ya Mbinu

Mwaka 1968, Arthur Appel wa kampuni ya IBM alieleza namna kompyuta inavyoweza kufuatilia miale ili kubaini sehemu zenye nuru na zenye kivuli. Mwaka 1980, Turner Whitted wa Bell Laboratories aliipanua mbinu hiyo ili ishughulikie vioo na vitu vinavyopitisha nuru. Hata hivyo, nuru inayotoka ukuta mmoja na kuangaza ukuta mwingine ilibaki nje ya hesabu, ilhali ndiyo inayoangaza sehemu kubwa ya chumba cha kawaida.

Pengo hilo lilishughulikiwa mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na Cindy Goral, Kenneth Torrance, Donald Greenberg na Bennett Battaile. Waliazima kanuni za uhandisi wa joto zinazoeleza jinsi nyuso zinavyopeana nishati, wakazitumia kwa nuru. Mbinu hiyo iliitwa radiositi. Kielelezo chake kilikuwa sanduku tupu lenye kuta zisizong'aa, nyingine zenye rangi. Miaka miwili baadaye, James Kajiya alichapisha mlinganyo uliounganisha mbinu hizo katika nadharia moja. Katika umbo lake la mwaka 1986, mlinganyo huo ulichukulia kwamba nuru husafiri kutoka uso mmoja hadi mwingine bila kukutana na moshi wala vumbi. Tangu mwaka 2011, programu huria ya Blender imekuwa na kitengo kiitwacho Cycles kinachofuata msingi huo. Hivyo basi, mbinu iliyokuwa ya maabara chache sasa inapatikana bila malipo kwa mtafiti yeyote mwenye kompyuta.

3.0 Nyumba Isiyofanana na Sanduku

Nyumba ya tembe inayohusishwa na Wairaqw wa nyanda za juu ilichimbwa katika mteremko wa kilima. Paa lake bapa la udongo lilibebwa na nguzo na boriti. Masimulizi yanahusisha umbo hilo na haja ya kujificha dhidi ya uvamizi wa Wamasai. Watu na mifugo walilala chini ya paa moja, na moto uliwashwa ndani. Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu nafasi na wakati miongoni mwa Wairaqw, alionyesha kwamba mpangilio wa makazi ulibeba maana za kijamii zinazozidi haja ya malazi.

Tofauti kati ya nyumba hii na sanduku la Cornell inaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Tuchukulie kwamba ukuta mweupe huakisi asilimia 80 ya nuru inayoufikia, na ukuta wenye masizi asilimia 5. Baada ya nuru kugonga kuta mara mbili, katika chumba cheupe hubaki asilimia 64, lakini katika chumba chenye masizi hubaki robo ya asilimia moja. Kwa hiyo, ndani ya tembe nuru ya mlangoni hufifia upesi, na pembe za ndani humtegemea moto. Moshi nao hutawanya mwale wa mlangoni. Pasipo kuuongeza katika hesabu, picha huonyesha hewa safi mahali ambapo haikuwapo.

4.0 Giza kama Ushahidi

Suala hili si la kiufundi pekee. Katika kipindi cha Operesheni Vijiji, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, kuhamia vijijini kuliambatana na wito wa kujenga nyumba bora, na nyumba ya kale yenye giza ilihesabiwa kuwa alama ya kubaki nyuma. Anayeongeza nuru ili msomaji aone kila kitu huirudia hukumu hiyo bila kukusudia, kwa kuwa huichukulia hali halisi ya nyumba kama kasoro ya kusahihishwa. Kwa upande mwingine, picha yenye giza tupu isiyo na maelezo huweza kusomwa kama dharau.

Aidha, uhalisia wenyewe huficha mipaka ya ujuzi. Katika mchoro wa penseli, mstari wa nukta hutambulika kuwa ni kisio. Katika picha halisi ya kompyuta, nguzo iliyokisiwa hung'aa sawa na nguzo iliyopimwa. Mkataba wa London, uliotolewa mwaka 2006 na kurekebishwa mwaka 2009, unataka picha za urithi ziambatane na maelezo yanayotenganisha ushahidi na dhana.

5.0 Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, insha inapendekeza mambo matatu kwa utafiti wa Endagikot. Kwanza, nyumba ionyeshwe kwa saa mbalimbali: asubuhi mlango ukiwa wazi, na usiku kwa nuru ya moto. Pili, kiwango cha kuakisi cha udongo, miti na masizi kipimwe katika mabaki yaliyopo, wala kisichukuliwe kutoka hazina ya rangi ya programu. Tatu, kila picha iambatane na nakala inayoonyesha kwa rangi sehemu zilizopimwa, zilizosimuliwa na zilizokisiwa. Waliolala katika nyumba hizo wanazeeka, na baada yao picha hizi ndizo zitakazoulizwa nyumba ilikuwaje. Kwa sababu hiyo, mtahini anapaswa kuhoji chanzo cha nuru katika picha kama anavyohoji chanzo cha tarehe katika maandishi.