Rekodi ya Ukumbini, Si Rekodi Mubashara

Makala yangu moja kuhusu bendi kubwa za dansi za Kuba ilirudi kutoka kwa mhariri ikiwa imebadilishwa. Kila nilipoandika "rekodi ya ukumbini" pamefutwa, pamewekwa "rekodi mubashara", na pembeni pameandikwa kwamba hilo ndilo neno lililokwishapitishwa. Limepitishwa na nani, na kwa kusikiliza santuri gani, maelezo hayakusema. Niliomba maneno yangu yarudishwe, nikajibiwa kwamba istilahi haziamuliwi na mwandishi mmoja. Ni kweli, haziamuliwi na mwandishi mmoja. Wala haziamuliwi na watu wachache waliokaa mezani na orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto na nafasi tupu za kujaza upande wa kulia.

Dhana yenyewe haina utata na sina haja ya kuieleza. Bendi iko jukwaani, watu wako sakafuni wanacheza, vinasa sauti vimefunguliwa, na baadaye sauti ile inatolewa kwenye santuri au kwenye diski. Kinachonikera ni jina lililobandikwa juu yake.

Tuanze na mubashara. Neno hili ni la Kiarabu, na mzizi wake ni b-sh-r. Bashara ni ngozi, ule uso wa nje wa mwili. Bashar ni binadamu, kiumbe ambaye ngozi yake inaonekana. Mzizi huohuo umetupa sisi bashiri na ubashiri, kwa kupitia habari njema, ile ambayo mabingwa wa kamusi za Kiarabu walisema hubadilisha ngozi ya uso wa anayeipokea. Na kitenzi bāshara ni kugusana ngozi kwa ngozi, kisha kulishika jambo kwa mkono wako mwenyewe pasipo mjumbe wala wakala. Ndiyo maana matangazo ya mpira yanayotufikia wakati uleule mpira unapochezwa yanastahili kuitwa mubashara. Kati ya goli na sikio la msikilizaji hapana kitu kilichowekwa akiba. Hapo neno limekaa mahali pake, na aliyelileta hapo alifanya kazi nzuri.

Lakini rekodi ni nini kama si akiba? Rekodi ndiyo huyo mjumbe ambaye mubashara inakataa kuwa yupo. Tarehe 1 Julai 1998 wazee wa Buena Vista Social Club, kundi la wanamuziki wa Kuba, walipiga Carnegie Hall, New York. Nyimbo za usiku ule zilitoka kwa ukamilifu kwenye albamu mwaka 2008. Miaka kumi ilikuwa imepita. Tuiite mubashara? Ngozi gani iligusana na ngozi gani kwa miaka kumi?

Mfano huohuo unamaliza na neno la pili, linalopendwa na wapinzani wangu wa upande mwingine, nalo ni "rekodi hai". Hai ni ḥayy ya Kiarabu, yenye uhai. Tunasema mtu hai, kiumbe hai, na mkristo au mwislamu husema Mungu aliye hai. Ilipofika 2008, Compay Segundo, Rubén González na Ibrahim Ferrer, waliokuwa jukwaani Carnegie Hall usiku ule, walikuwa wamekwisha kufa. Nani basi aliye hai ndani ya rekodi hai? Na kama hii ndiyo hai, zile zilizofanywa studio tuziite rekodi mfu? Wanaolitetea neno hili husema Wakuba wenyewe huandika "en vivo" juu ya majalada, na vivo ni hai. Hoja hiyo naiheshimu kwa sababu angalau anayeitoa ameshika jalada mkononi. Hata hivyo Kihispania kina "en directo" pia, ambayo ni ndugu wa mubashara, na wenye lugha wamejigawia kazi za maneno hayo kwa mazoea yao. Mazoea ya watu wengine si amri kwetu. Waingereza nao walianza kulitumia neno lao la uhai katika utangazaji kwenye miaka ya 1930, walipotaka kutofautisha kipindi kinachotoka wakati uleule na kile kilichotoka kwenye diski. Kwa hiyo lilizaliwa likiwa kinyume cha rekodi. Baadaye wakaliunganisha na rekodi, na mkanganyiko ukabaki kwao. Sioni sababu ya sisi kuununua mkanganyiko huo na kuulipia ushuru.

Laivu je? Hilo ni neno la wanamuziki, na mimi sitamdharau mwanamuziki katika jambo la muziki. Wanamuziki wa dansi hawakungoja kamati. Santuri za GV zilipoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930 zikiwa na son, muziki wa dansi wa Kuba, wapigaji wetu walizisikiliza, wakachukua rumba na bolero, baadaye chacha, na ile ngoma ndefu ya Kikuba, tumbadora, wakaiita tumba, na tumba imekuwa Kiswahili hadi leo. Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba na hakuomba ruhusa ya mtu. Mwanamuziki wa Dar es Salaam anaposema "tunapiga laivu" anamaanisha kwamba hawapigi plei beki, na kila anayemsikia anamwelewa. Tatizo la laivu ni kwamba limebeba mizigo mitatu: kutopiga plei beki, kupiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni, na kurekodiwa mbele ya hadhira. Anayeandika historia ya muziki hawezi kufanya kazi na neno moja hapo.

Kwa mfano, mwaka 1957 mpigaji besi Israel López, anayejulikana kama Cachao, aliwakusanya wenzake katika studio ya Panart, mtaa wa San Miguel, Havana. Walikuja alfajiri, baada ya kumaliza kazi zao za usiku katika kumbi na vilabu, wakapiga descarga, muziki wa kubuni papo hapo usio na karatasi nyingi. Walipiga wote kwa wakati mmoja. Kwa Kiingereza cha mafundi mitambo hiyo nayo huitwa kwa jina la uhai, lakini pale hapakuwa na hadhira. Mimi huita hiyo rekodi ya mkupuo. Nyimbo nyingi tunazozipenda za bendi za Tanzania zilizohifadhiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam ni rekodi za mkupuo vilevile. Bendi nzima iliingia studio, ikapiga wimbo mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Kuziita hizo "mubashara" au "hai" ni kufuta tofauti kati ya studio ya Barabara ya Pugu na ukumbi wa dansi wa Jumamosi, tofauti ambayo kila mchezaji dansi aliijua kwa miguu yake.

Sasa neno langu. Ukumbi katika nyumba za pwani ni ile sehemu ya mbele, baada ya mlango na kabla ya vyumba vya ndani, ambapo mgeni hupokewa. Si nje, na si faraghani. Ni mahali ambapo mwenye nyumba na asiye wa nyumba hukutana kwa heshima. Kutoka hapo neno likapanuka hadi ukumbi wa mkutano, ukumbi wa dansi, ukumbi wa harusi. Katika mabadiliko yote hayo halikupoteza maana moja: ukumbi hauwi ukumbi bila watu wa pande mbili, wenyeji na wageni. Mtu akikaa peke yake ukumbini, anangoja mtu. Lipo pia kumbi la jando, mahali pa kukaa wari, ambako mwanafunzi na mwalimu huimba kwa kupokezana. Nani atasema kwamba lugha yenye neno kama hili inahitaji kukopa ngozi ya Kiarabu au uhai wa Kiingereza ili kutaja muziki uliopigwa mbele ya watu?

Tena tuna kiambishi -ni, ambacho lugha hizo mbili hazina. Ukumbini kwa Kiswahili hukubali pa-, ku- na mu-. Ukumbini pale palipopigwa, tukipajua hasa. Ukumbini kule kulikopigwa, tukipataja kwa mbali. Ukumbini mle mlimojaa watu, tukiwa ndani yake. Neno moja limebeba jina la mahali na namna tatu za kusimama mbele yake. Rekodi mubashara haina mahali. Rekodi hai haina mahali.

Na kwa bendi kubwa za Kuba mahali ndipo penye muziki. Mwimbaji Benny Moré, aliyezaliwa Santa Isabel de las Lajas mwaka 1919, aliunda Banda Gigante yake mwaka 1953: tarumbeta, saksafoni, tromboni, piano, besi, tumba na ngoma nyingine. Hakuweza kusoma nota. Aliwaongoza watu wale wote kwa mwili wake, kwa bega, kwa mguu, kwa fimbo yake, na wao waliujua kila msogeo wake. Studio ilimpa dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ya mizunguko 78 haukuweza kubeba zaidi. Ndani ya dakika hizo ubeti huchukua nafasi yake, kisha huanza montuno, ile sehemu ya pili ambayo waimbaji hushika kiitikio kimoja na kiongozi anabuni maneno juu yake. Kwetu wapigadansi wa Tanzania wana chemko, na anayelijua chemko hahitaji kuelezwa montuno. Katika santuri ya dakika tatu montuno inakatwa ndipo kwanza inaanza kupata moto. Ukumbini hakuna wa kuikata. Kiongozi anatazama sakafu. Wakiwa bado wanataka, tarumbeta zinaongeza, tromboni zinajibu kwa kipande ambacho hakikuandikwa popote, na wimbo wa dakika tatu unakuwa wa dakika kumi au zaidi. Urefu wa wimbo umeamuliwa na wachezaji. Hicho ndicho kitu ambacho rekodi ya aina hii inahifadhi, na jina lake lapaswa kukitaja.

Chukua Los Van Van, bendi aliyoiunda Juan Formell mwaka 1969, yenye fidla na tromboni pamoja. Tarehe 9 Oktoba 1999 walipiga Miami Arena, katika mji wa Wakuba walioikimbia serikali ya Fidel Castro. Nje ya jengo maelfu ya watu walikuwa wakiandamana na kuwazomea waliokuwa wakiingia. Ndani watu walicheza. Diski za usiku ule zilitoka mwaka 2003 na jina la jengo likiwa juu ya jalada. Nyimbo zenyewe wapenzi walikuwa wakizijua. Kilichofanya diski zile zitafutwe ni kwamba zilipigwa mle, siku ile, mbele ya wale waliokubali kuzomewa ili waingie.

Nimeambiwa kwamba ukumbini haliwezi kutumika kwa uwanja wa mpira. Aliyeniambia ni mtu ninayemheshimu, lakini amekosea. Tunasema mwenyekiti hata kama amesimama. Uwanja ukiwa na jukwaa, bendi na wachezaji, umekuwa ukumbi kwa usiku ule. Kwa hakika viwanja ndivyo vinavyolitetea neno langu zaidi. Mwezi Agosti 1973 Fania All-Stars, bendi kubwa ya New York iliyojengwa juu ya son ya Kuba, walipiga Yankee Stadium. Watu walivunja vizuizi wakamwagika uwanjani, onyesho likakatizwa. Albamu mbili zilizotoka mwaka 1975 kwa jina la uwanja huo zina nyimbo zilizonaswa si hapo bali katika ukumbi wa Roberto Clemente, San Juan, Puerto Rico. Kwa anayesema mubashara, jambo hilo halina uzito. Yote ni mubashara. Kwa anayesema "rekodi ya ukumbini" swali la kwanza linalomtoka mdomoni ni: ukumbi upi? Na mara ukweli unajitokeza. Istilahi nzuri humlazimisha mtu aulize swali sahihi, na sijaona hata mmoja wa waliopitisha mubashara akionyesha kwamba neno lake linafanya hivyo.

Kuhusu matumizi: rekodi ya ukumbini, wingi rekodi za ukumbini; mahali hutajwa baada yake, kama "rekodi ya ukumbini, Carnegie Hall". Albamu ya Irakere, bendi ya Kuba, ya mwaka 1979, iliyonaswa New York na Montreux mwaka 1978, ni rekodi ya kumbi mbili. Kipindi cha redio kinachotoka wakati uleule kibaki mubashara. Kilichopigwa studio kwa pamoja kiwe cha mkupuo.

Wahariri na watangazaji nawaomba jambo moja kabla ya kuandika kichwa cha habari: geuzeni jalada, msome nyuma. Jina la ukumbi likiwapo, liandikeni pamoja na neno hili. Lisipokuwapo, msiseme ni ya ukumbini, na msiiite mubashara kwa kuziba pengo.