Posa ya maadui wa Uingereza

Sisi huku Leicester wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Nimesikia kwenye simu kwamba kijana wetu anataka kuoa kwa majirani wale wale tuliogombana nao mpaka wa shamba, na kikao kimegawanyika. Nimeulizwa nasemaje. Jamani, mimi niko mbali! Ila nina kisa cha huku ninakoishi. Someni kwanza, halafu mwendelee na kikao.

Mwaka 2012, katikati ya mji huu, walichimba kwenye maegesho ya magari wakakuta mifupa ya mfalme, Richard III. Mwaka 2015 wakamzika upya katika kanisa kuu la hapa. Alikuwa mfalme wa mwisho wa ukoo wa York. York na Lancaster walikuwa ndugu, wote kizazi cha mfalme Edward III, lakini tangu 1455 walikuwa wakiuana kwa ajili ya kiti cha ufalme.

Basi mwaka 1483 akafariki Edward IV wa York. Mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka 12. Baba yake mdogo, huyo huyo Richard, akamweka yeye na mdogo wake ndani ya ngome ya London, watoto wakatangazwa kuwa ni wa haramu, Richard akakalia kiti mwenyewe. Wale watoto hawakuonekana tena. Mama yao, Elizabeth Woodville, alikuwa amekimbilia hifadhi kanisani Westminster pamoja na mabinti zake.

Upande wa Lancaster kulikuwa na mama mwingine, Margaret Beaufort. Mwanawe wa pekee, Henry Tudor, alikuwa mkimbizi huko Brittany, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa, tangu 1471 akiwa na miaka 14. Naam, mwenzetu wa ughaibuni! Kina mama hawa walikuwa na daktari mmoja, Lewis Caerleon. Akawa ndiye mshenga: anaingia kanisani kutibu, anatoka na ujumbe. Wakakubaliana Henry amwoe Elizabeth, binti mkubwa wa York, na koo zote mbili zimwondoe Richard. Siku ya Krismasi 1483, katika kanisa kuu la Rennes, Henry akaapa kumwoa binti huyo aliyekuwa ng'ambo ya bahari.

Agosti 1485 akatua Wales, na tarehe 22 wakapigana Bosworth, si mbali na hapa. Richard akauawa. Tarehe 18 Januari 1486 ndoa ikafungwa Westminster, kwa ruhusa ya Papa maana walikuwa ndugu. Waridi jekundu la Lancaster na jeupe la York yakawa nembo moja.

Mtasema hiyo ni siasa, mapenzi yako wapi? Hata mimi nilidhani hivyo. Na fitina haikuisha siku ya harusi, kwani 1487 walipigana tena, huko Stoke. Lakini Aprili 1502 alikufa mtoto wao wa kwanza, Arthur, akiwa na miaka 15. Elizabeth alimfariji mumewe, akamwambia bado wana watoto wengine na wao wenyewe bado si wazee. Aliporudi chumbani kwake akaanguka kwa kilio, wahudumu wakamwita mfalme, naye akaja mbio kumfariji kama yeye alivyofarijiwa. Mwaka uliofuata, 11 Februari 1503, siku aliyotimiza miaka 37, Elizabeth akafariki baada ya kujifungua. Henry akajifungia peke yake na majonzi. Hakuoa tena mpaka alipokufa 1509, akazikwa pamoja na mkewe.

Wale walianza na msiba, mapenzi yakaja baadaye. Hawa wetu wameshaanza na mapenzi, na sisi ugomvi wetu ni wa hatua chache za shamba, hakuna aliyemzika mtu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune.

Ombi langu ni moja. Kabla wazee hawajajibu, mama wa kwetu na mama wa kule wakae pamoja wazungumze. Mshenga atapatikana tu.

Nawapenda wote. Nisubiri habari njema?