Neno ‘chanjo’ na ahadi tuliyoirithi kutoka kwa ndui

Tarehe 3 Machi 2021 ndege iliyobeba dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya AstraZeneca ilitua Nairobi. Siku zilizofuata, swali nililolisikia mara nyingi zaidi, kwenye matatu na hata miongoni mwa wahadhiri wenzangu, lilikuwa moja: “Ukishachanjwa, si basi? Huwezi kuipata tena?” Walioambiwa kwamba mtu aweza kuchanjwa na bado akaambukizwa waliguna: “Sasa hiyo ni chanjo gani?”

Swali lile lilikuwa na haki yake, na nadhani chanzo chake kimo ndani ya neno lenyewe. Kuchanja ni kukata au kupasua. Watu huchanja kuni, na mganga humchanja mgonjwa chale kisha akapaka dawa palipokatwa. Chanjo ya ndui ilipokuja ilitolewa kwa namna iyo hiyo: ngozi ya mkono ilikwaruzwa kwa kisu kidogo, dawa ikatiwa kwenye mkwaruzo. Kiswahili hakikuhitaji kukopa. Kilimtazama daktari kazini kikasema, huyu naye anachanja.

Na ndui ilishindwa kweli. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu (aliugua, akapona). Mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Tangu hapo ‘chanjo’ masikioni mwetu ni dawa inayoumaliza ugonjwa.

Maradhi ya njia ya hewa hayakuwahi kuitimiza ahadi hiyo. Homa ya mafua ilipoingia Mombasa kwa meli mnamo Septemba 1918, huko Uingereza na Marekani tayari wataalamu walikuwa wakitengeneza chanjo, na watu waliokuwa na hofu walizitaka. Lakini zilitengenezwa kutokana na bakteria, ilhali adui alikuwa kirusi. Kirusi cha homa ya mafua ya binadamu kilitambuliwa mwaka wa 1933, na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, Uingereza. Hata baada ya hapo, kwa kuwa kirusi hicho hubadilika badilika, chanjo yake hulazimika kupitiwa upya kila mwaka. Ndui haikuwa na hila hiyo.

Tazama pia mkono wako wa kushoto. Kovu dogo ambalo Wakenya wengi tunalo pale ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Humkinga mtoto mchanga dhidi ya kifua kikuu kikali, ila kwa mapafu ya mtu mzima msaada wake ni wa kubahatisha. Ndiyo hiyo BCG ambayo Aprili 2020 madaktari wawili Wafaransa walizungumza kwenye runinga kuhusu kuijaribia Afrika dhidi ya korona. Hasira zilizozuka, hata mkuu wa Shirika la Afya Duniani akakemea, zilikuwa bado mbichi chanjo zenyewe zilipofika.

Hapo ndipo tulipohitaji lugha sahihi. Badala yake tulitangaza kwamba chanjo ‘inakinga’, bila kuongeza neno. Kukinga kwa Kiswahili ni kuzuia kitu kisifike: aliyekinga mshale kwa ngao hajachomwa. Chanjo ya korona ilikuwa na sifa nyingine, kubwa pia. Ilipunguza sana uwezekano wa kulazwa na kufa. Kinachoniuma ni kwamba msamiati tulikuwa nao. Kwa miaka mingi magazeti na redio zimesema ‘dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi’, na hakuna mkulima wala profesa aliyehitaji kufafanuliwa, wala aliyezitupa kwa sababu hazimalizi ugonjwa. ‘Chanjo ya kupunguza makali ya korona’ ingeeleweka siku ile ile.

Mtaani, wakati huo, vijana walikuwa wameshaliacha neno la ndui. Waliulizana tu, “Umedungwa?” Kudungwa hutaja sindano, basi, hakumwahidi mtu chochote. Anayerudi kwa dozi ya pili au ya tatu anaweza kusema amedungwa tena, na hakuna atakayemuuliza ile ya kwanza ilifanya kazi gani.